Kikao cha Kofia Kumi na Tatu

Hapo zamani, katika mji wa Kisaramba, alikuwako Sultani aitwaye Ghalibu bin Nassibu, mtu mwema kwa kadiri sultani awezavyo kuwa mwema, ila alikuwa na maradhi mawili: asubuhi alishikwa na hofu, na mchana alishikwa na usingizi. Hofu ilimfanya azitake habari, na usingizi ulimfanya asitake kuzichunguza. Basi kwa ajili ya hofu akamweka Bwana Shekuwe kuwa Mkuu wa Wapelelezi, na kwa ajili ya usingizi akatoa amri, ikaandikwa na kutundikwa mlangoni pa baraza, ya kwamba taarifa yoyote ikisha kupigwa muhuri wa Sultani ni kweli, na atakayeikanusha atahesabiwa mshirika wa wale walioandikwa ndani yake. Amri hiyo ilipunguza sana mabishano. Ikawa tangu siku hiyo Sultani analala vizuri.

Huyu Bwana Shekuwe alikuwa mtu mrefu, mwembamba, mwenye sauti ya chini, asemaye wakati wote kana kwamba chumba cha pili amelala mgonjwa. Alikuwa na wapelelezi arobaini, na desturi yake ilikuwa kuwakusanya kila alfajiri, kila mtu atoe alichokipata. Aliyekuja akasema, "Bwana, mji ni salama," aliulizwa kwa upole, "Salama? Na wewe unakula chakula cha nani?" kisha akashinda na njaa siku nzima. Basi haikupita miezi miwili, salama ikatoweka Kisaramba. Wanawake wawili wakigombania ndoo kisimani, iliandikwa kwamba raia wamegawanyika juu ya jambo la maji. Punda akikata kamba, iliandikwa kwamba kiumbe asiyejulikana ameonekana akielekea upande wa ngome. Na taarifa zote zilimalizika kwa maneno haya: "Majina tunayo, ila tunayahifadhi kwa usalama wa dola." Wakubwa wa mji wakisikia hivyo, kila mmoja alijiuliza kama na lake limo, akaona ni vyema ampelekee Bwana Shekuwe kikapu cha halua. Nyumbani kwake halua haikukatika, na watoto wake walikuwa na meno mabovu kuliko watoto wote wa mji.

Nguzo ya pili ya dola ilikuwa Amiri Tawakali, mkuu wa majeshi, mwenye kifua kipana, masharubu yaliyopakwa mafuta, na upanga wa mpini wa fedha ambao aliuchomoa alani kwenye harusi tu. Kisaramba haikupigana na mtu yeyote kwa muda wa miaka arobaini, na Amiri alikuwa akisema mbele za watu kwamba hiyo ni kazi ya mkono wake, ingawa mwenyewe alikuwa na umri wa miaka thelathini na minane. Yeye na Bwana Shekuwe walikuwa wakikaa pande mbili za kiti cha Sultani, wakichekeana, na kila mmoja akimwomba Mungu amwonyeshe siku ya mwenzake.

Na katika Mtaa wa Visimani, ndani ya nyumba ya udongo yenye vyumba viwili, alikaa maskini mmoja, jina lake Dadi, kazi yake kufua kofia. Kofia za mji ule zilikuwa kofia za viua, zilizotobolewa na kushonwa tundu moja moja, mama akimshonea mwanawe au mke akimshonea mumewe, na kofia moja ilichukua mwaka mzima. Kitu kama hicho hakipewi mtu yeyote tu kukifua. Dadi alizifua kwa mkono, akazitia wanga wa muhogo, kisha akazivika kwenye faruma ili zisirudi. Faruma ni kichwa cha mti kinachochongwa kwa kazi hiyo. Yeye alikuwa nazo kumi na tatu, za mti wa mfenesi, kila moja imesimama juu ya mguu wake, kimo cha mtu aliyeketi, na mkewe Bi Mize alizungushia miguu ile kitambaa cheupe ili vumbi lisipande. Chumba cha kukaushia hakikuwa na mwanga, kwa kuwa jua huugeuza wanga ukawa njano, na dirisha lake lilikuwa la upana wa kiganja.

Huyo Dadi alikuwa na tabia moja mbaya: alisema mambo kama yalivyo, na usoni hakuonyesha kicheko. Nusu ya mji ilimwona mjinga, nusu nyingine ilijua kuwa si mjinga, na nusu zote mbili zilimpelekea kofia.

Basi Maulidi yakakaribia, na wakubwa wote wakataka kofia safi. Kadhi akaleta yake, Waziri akaleta yake, na wengine wakafuata. Bwana Shekuwe akatuma mtu na ya kwake, Amiri Tawakali akatuma mtu na ya kwake, zikatimia kumi na mbili. Siku ya Jumatatu akaja Bi Saumu, mwanamke mtu mzima aliyemlea Sultani toka utoto, akatoa chini ya ukaya wake wa kujifunikia kofia kuukuu, iliyokunjwa ndani ya kitambaa.

"Dadi, baba, hii usiniulize ya nani," akasema. "Uifue mwenyewe, uikaushe, nitaipitia Alhamisi."

Dadi hakuuliza. Akaifua, na kwa kuwa ilikuwa kongwe na laini kuliko zote akaiweka katikati, mbali na mlango, nyingine akazipanga kuizunguka. Kesho yake alasiri akatoka kwenda sokoni kutafuta muhogo wa wanga, na Bi Mize akaenda kwa dada yake kwenye harusi.

Ikawa saa ile ile mpelelezi mmoja anapita mtaani. Maskini yule alikuwa ameshinda na njaa siku mbili, kwa kuwa siku mbili mfululizo hakuona kitu, naye alikuwa mtu mwaminifu. Akachungulia dirishani kwa Dadi. Akaona gizani watu kumi na watatu wameketi duara, wamevaa nguo nyeupe na kofia za thamani, mkubwa wao katikati. Akatega sikio. Hawakusema neno. Akangoja mpaka miguu ikamwuma, hakuna aliyekohoa wala aliyejikuna. Mpelelezi akastaajabu, kwa maana katika kazi yake yote hajapata kuona waasi wenye nidhamu ya namna ile. Akatoka mbio mpaka kwa Bwana Shekuwe.

"Walisema nini?" akauliza Mkuu.

"Hawakusema kitu, Bwana."

"Watu wazima kumi na watatu, wamekaa kikao, wasiseme kitu?"

"Wallahi, Bwana, hata mmoja."

Bwana Shekuwe akafumba macho, akafikiri. "Basi walikuwa wamekwisha kusema kabla hujafika," akasema. Na kwa kuwa alikuwa na ujuzi wa miaka mingi wa kujua yaliyosemwa na watu wasiosema, akachukua kalamu akawaandikia wote. Mmoja alilalamikia ushuru, wa pili akaapa, wa tatu akasema "na iwe Maulidi hayo hayo," na kiongozi wao aliyekaa katikati akatamka kwamba Sultani Ghalibu ni mzigo wa usingizi uliovikwa kilemba. Sentensi hiyo ilimpendeza mwenyewe, akaisoma mara mbili. Kisha akaongeza ya majina na usalama wa dola, akaipeleka, ikapigwa muhuri. Ikawa kweli.

Sultani akamwita Amiri Tawakali, akamwambia aende akawakamate. Amiri akatoka na askari mia nne, ngoma na bendera, wakaizingira nyumba ya Dadi pande zote, na yeye mwenyewe akasimama nyuma ya birika la msikiti, mahali ambapo mtu aliweza kuviona vita bila vita kumwona yeye. Mlango ukavunjwa. Baada ya kitambo jemadari wake akarudi, uso umemshuka.

"Amiri, ni magogo."

"Wangapi?"

"Nasema ni magogo, Amiri. Vichwa vya mti, vimevishwa kofia. Watu hamna."

Amiri akasokota masharubu. Akaona kwamba akirudi kusema taarifa ni ya uongo, atahesabiwa mmoja wa waasi, na Bwana Shekuwe atamsindikiza kwa huruma mpaka kwa mkata vichwa. Akaona pia kwamba akisema ametoa askari mia nne kupigana na miti ya mfenesi, atachekwa mpaka wajukuu zake wachekwe. Basi akamwambia jemadari, "Je, uliwahi kumwona mtu akipewa joho la heshima kwa kushinda magogo?" Jemadari akasema hajapata kumwona. Amiri akaingia ndani mwenyewe, ujasiri ukamjia, akauchomoa upanga ambao haujatoka alani ila harusini, akaipiga faruma ya katikati pigo moja la utosini. Kofia hakuitazama. Alikuwa akitazama nyuma kama kuna amwonaye. Kisha akafunga mlango kwa kamba, akatia lakiri na muhuri wake, akaamuru ngoma za ushindi zipigwe.

Taarifa yake ilikuwa fupi, kama ipasavyo ya mwanajeshi: "Waasi wote kumi na watatu wameuawa. Kiongozi wao nimemkata kwa mkono wangu mwenyewe. Kwa upande wetu, askari mmoja amechomwa na kibanzi." Ikapigwa muhuri. Nayo pia ikawa kweli.

Dadi alikamatwa sokoni na muhogo wake begani, akaburutwa mpaka barazani, asijue kosa lake hata alipokwisha kusomewa taarifa zote mbili.

"Maulana," akasema, "kwangu hakuna watu. Zile ni faruma zangu, na kofia za…"

Bwana Shekuwe akainama sikioni mwa Sultani, lakini kwa kiasi cha kusikiwa na baraza nzima. "Maulana amesikia mwenyewe. Anaikanusha taarifa."

Mkata vichwa aliyekuwa ameegemea nguzo akasimama wima. Dadi akamtazama, akautazama mlango ulipotundikwa amri, akaumeza ukweli wake kama mtu anavyomeza mwiba wa samaki.

"Nimeteleza ulimi, Maulana," akasema. "Taarifa ni kweli, ya kwanza na ya pili. Walikuwako kumi na watatu, na walikaa kwangu."

Sultani akageuka. "Shekuwe, ni akina nani?"

"Majina tunayo, Maulana, ila tunayahifadhi."

"Tawakali, nyuso zao ulizionaje?"

"Maulana, tuliwapiga vibaya mno. Hawatambulikani."

Basi Sultani akakasirika, kwa sababu tangu habari ile imfikie hajapata hata lepe la usingizi. "Nguzo zangu mbili zinajua, na mimi mwenye nyumba sijui!" akasema. "Haya, wewe mfua kofia. Ijumaa baada ya sala, uniletee hao kumi na watatu, wakiwa hai au maiti. Uwakalishe hapa barazani kama walivyokaa kwako, na kofia zao vichwani, niwatambue mmoja baada ya mmoja. Ukishindwa, kitakaa hapa kichwa chako peke yake."

Amiri akasema upesi kwamba maiti wale hawafai kuonekana, na nyumba ile haifai kufunguliwa, kwa usalama. Bwana Shekuwe aliposikia Amiri hataki mlango ufunguliwe, moyo wake ukafurahi, akaona hapo pana jambo. Akapeleka wapelelezi wake wote arobaini kuuzunguka ukuta, Amiri asipate kukaribia. Amiri naye akaweka askari wake arobaini kuwazunguka wapelelezi, asikaribie Shekuwe. Usiku na mchana watu themanini wenye silaha wakazilinda faruma za Dadi zisiibwe. Katika maisha yake yote Dadi hakupata kuwa na nyumba yenye ulinzi namna ile, na siku zenyewe yeye alikuwa gerezani.

Alhamisi adhuhuri Bi Mize akaruhusiwa kumpelekea chakula. Akamkuta ameketi pembeni, mikono magotini, analia waziwazi, kwa kuwa alikuwa na hofu kubwa ya kufa na hakuona sababu ya kuificha mbele ya mke wake wa miaka ishirini.

"Mke wangu," akasema, "nikisema ni magogo, nakatwa kwa kukanusha. Nikisema ni watu, sina watu wa kuwaleta, nakatwa. Kesho utakuwa mjane, nami hata ahadi ya kukununulia ukaya mpya sijaitimiza."

"Ukaya uache," akasema Bi Mize. "Nisikilize. Zile kofia unazijua ni za nani na nani?"

"Kumi na mbili nazijua. Ile ya kumi na tatu Bi Saumu alinikataza kuuliza."

"Mimi hakunikataza kutazama. Nyinyi wanaume mnaitambua kofia kwa aliyeivaa, sisi tunaitambua kwa aliyeishona. Mkono ule naujua. Mwenyewe amekufa mwaka wa kumi sasa, na uhai wake wote alimshonea mtu mmoja tu. Na ndani ya ukingo ametia kiua kimoja cha uzi wa kijani, ili mwanawe asibadilishiwe."

Akamnong'oneza jina. Dadi akaacha kulia. Midomo ikamchezacheza, akachukua kipande cha muhogo akala, akachukua cha pili.

"Mize," akasema, "kesho niletee kanzu yangu isiyo na kiraka kikubwa."

Ijumaa baada ya sala baraza ikajaa mpaka ngazini. Sultani akaingia, kilemba kimemkaa vibaya, kinamteleza upande, naye kila mara akikisukuma. Dadi, aliyekuwa ametolewa gerezani na kufunguliwa nyumba yake kwa amri ya Sultani, akaja na mkokoteni wa hamali uliofunikwa shuka nyeupe, mbele wapelelezi arobaini, nyuma askari arobaini, na nyuma yao mji mzima. Akaviteremsha vitu vyake kimoja kimoja vikiwa vimefunikwa, akavipanga duara mbele ya kiti, akavuta shuka. Wakaonekana kumi na watatu wa mti wa mfenesi, wameketi kwa adabu kuliko wote waliokuwamo mle ndani.

"Nini hiki?" akauliza Sultani.

"Ndio wao, Maulana. Wamekaa kama walivyokaa, na kofia zao vichwani."

Bwana Shekuwe akasema, na safari hii hakunong'ona sana, "Maulana, mtu huyu anaidhihaki taarifa yenye muhuri!"

"Mimi?" akasema Dadi, uso mkavu kabisa. "Mimi naikubali taarifa herufi kwa herufi, Bwana wangu. Imeandikwa ni kumi na watatu, hesabu. Imeandikwa wamevaa kofia za thamani, tazama. Imeandikwa walisema maneno mazito, na hapo ndipo ninapokusifu. Nimekaa na hawa miaka ishirini, nimewapiga mswaki, nimewapangusa, hawajapata kunijibu hata salamu. Kumbe walikuwa wakikungoja wewe."

Watu wakaanza kuficha midomo kwa vitambaa. Dadi akainama mbele ya Sultani.

"Maulana alitaka kuwatambua mmoja baada ya mmoja. Nina ruhusa?"

"Endelea," akasema Sultani, ambaye hakujua bado kama anakasirika.

Dadi akaivua kofia ya kwanza, akaiinua juu. "Huyu mwasi ni nani?"

Kadhi akakohoa. "Kofia hiyo… ni yangu. Aliishona mama watoto."

Ikainuliwa ya pili, Waziri akaikiri huku akitazama chini. Zikaenda hivyo, na kila kofia ilipata mwenyewe, maana mtu hawezi kuikana kazi ya mkono wa mkewe wakati mkewe anachungulia mlangoni. Ya kumi na moja ikawa ya Bwana Shekuwe. Ya kumi na mbili ikawa ya Amiri Tawakali.

"Inaonekana Mkuu wa Wapelelezi alihudhuria kikao alichokipeleleza," akasema Dadi, "na Amiri akaja baadaye akajiua. Sikujua kama kazi za dola ni nzito kiasi hiki. Sasa amebaki kiongozi wao."

Akaichukua ile ya katikati kwa mikono miwili, iliyopasuliwa kwa upanga toka utosini mpaka ukingoni, akapanda ngazi mbili, akaiweka magotini mwa Sultani.

Sultani akaitazama. Akaigeuza ndani nje, akapitisha kidole kwenye ukingo mpaka kikakutana na kiua kimoja cha uzi wa kijani, na hapo kidole kikasimama.

"Hii ni kofia aliyonishonea mama yangu," akasema. "Ndiyo ninayoivaa chini ya kilemba. Nani ameikata?"

Dadi akasema, "Maulana, jibu limo katika taarifa ya pili, nayo ina muhuri wako. Ya kwanza inasema kiongozi wa waasi alikaa katikati, akasema Sultani Ghalibu ni mzigo wa usingizi uliovikwa kilemba. Ya pili inasema kiongozi huyo aliuawa kwa mkono wa Amiri mwenyewe. Mimi sikanushi hata nukta, shingo yangu ni moja. Basi kwa mujibu wa taarifa, Maulana ulinitembelea Jumanne, ukajitukana kwangu, na siku ile ile ukafa. Mungu akurehemu. Nina swali moja tu kwa Kadhi, kwa kuwa mimi si msomi. Huyu mkata vichwa, akiinua mkono juu yangu leo, anauinua kwa amri ya nani? Maana aliyetoa amri amekwisha kufa, na ufalme wa maiti mimi sijausoma popote."

Mkata vichwa, ambaye alikuwa mtu wa kufuata utaratibu, akaushusha upanga wake taratibu na kumtazama Kadhi. Kadhi akaitazama dari.

"Na ikiwa Sultani yu hai," akaendelea Dadi, "na mimi namwona anapumua, basi kuna taarifa imesema uongo. Lakini neno hilo si langu kulitamka. Mimi nina mke. Alitamke anayeweza."

Hapo Amiri Tawakali akaona macho ya Sultani yametua juu ya mpini wa upanga wake, akashindwa kujizuia. "Maulana, taarifa ya Shekuwe ndiyo ya uongo!" akalia. "Mimi niliyaona kwa macho yangu ni magogo matupu!"

"Ulipoyaona magogo mbona uliandika umeua watu?" akapiga kelele Bwana Shekuwe, na watu wa Kisaramba wakasikia kwa mara ya kwanza kwamba ana sauti. "Maulana, yake ndiyo ya uongo! Hakuua hata nzi!"

Wakapayuka hivyo, huyu akiikanusha ya yule na yule ya huyu, mpaka pumzi zikawaishia. Na walipotulia wakakuta watu wote wamegeuka wanatazama mlangoni, palipotundikwa amri ya atakayeikanusha taarifa. Kadhi akaisoma kwa sauti bila kuombwa, kwa kuwa na yeye alikuwa amepeleka halua nyingi.

Basi Sultani Ghalibu akacheka. Alianza kidogo kidogo puani, kicheko kikamshinda, akacheka mpaka kilemba kikaanguka na kubingirika katikati ya faruma, na baraza ikacheka naye. Lakini kofia ilikuwa bado mkononi, na alipoona mpasuko ule tena, kicheko kikakatika, macho yakamjaa machozi, wala hakuyafuta. Akashuka kitini kichwa wazi, akaenda mlangoni, akaibandua amri kwa mkono wake.

"Niliiandika hii nipate kulala," akasema. "Na nililala kweli, hata nikauawa nisijue. Nanyi mlioketi kulia na kushoto kwangu, sitawakata. Kuwakata ni kuitii karatasi hii mara nyingine. Shekuwe, wewe utakwenda nyumbani kwa huyu kila alfajiri na kalamu yako, ukae na hawa kumi na watatu mpaka magharibi, uandike wanayoyasema. Karatasi utaniletea mimi mwenyewe kila jioni, na siku nitakayokuta juu yake neno, tutajuana. Na wewe Tawakali, una askari mia nne na vichwa mia nne. Utafua kofia zao kwa mkono, na maji utachota mwenyewe. Upanga uache hapa, watu wana harusi zao."

Kisha akamwuliza Dadi kama atakubali kuwa Mkuu wa Wapelelezi.

"Maulana unisamehe," akasema Dadi. "Kazi yangu ni kurudisha umbo la kofia, hiyo ya kuharibu umbo la maneno sitaiweza. Ila nina haja moja. Mlango wangu ulivunjwa katika ushindi ule mkubwa."

Sultani akampa mlango wa nakshi uliokusudiwa kwa jumba la Waziri. Ukatiwa kwenye nyumba ya udongo ya Mtaa wa Visimani, ukawa mpana kuliko ukuta wenyewe, na majirani walikuja kuutazama kwa zamu. Na Bi Mize akaishona ile kofia, siku tatu, uzi juu ya uzi, pembeni mwa kile kiua cha kijani, kazi safi kabisa. Lakini kovu la upanga alilibakiza lionekane. Sultani alimwuliza kwa nini, akamjibu, "Ili ukumbuke, baba."

Na toka siku ile faruma moja tupu iliwekwa barazani, karibu na kiti cha Sultani, na kila aletaye taarifa ilimpasa aisome kwanza mbele ya faruma hiyo, anukuu maneno kama alivyoyasikia, kisha aseme kama ana hakika kuwa aliyemnukuu ana mdomo. Inasemekana taarifa zilipungua sana, na halua ikarudi kuliwa na watu wa kawaida. Nchi nyingine, nasikia, hazina faruma ya namna hiyo mpaka leo, kwa kuwa zina wataalamu.

Hekaya yangu naiweka chini hapo, aipendaye na aiokote. Na kama kuna ndugu yangu amenisikiliza toka dirishani kwa sababu za kikazi, namwomba kitu kimoja: aiandike kama nilivyoisema, asiniongezee.